Mrejesho: Bomba lililoninyima usingizi

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu bomba la jikoni linalodondosha maji usiku kucha hata ukilikaza mpaka kiganja kiume. Wengi mlisema raba ya ndani imekwisha. Kweli! Ilikuwa imelika upande mmoja, ngumu kama kucha. Nilifunga maji kwenye koki kuu, nikafungua kichwa cha bomba kwa spana, nikaweka raba mpya. Kimya kabisa, na usingizi wa jana sijui niusimulieje. Yule aliyesema nizidi kulikaza tu, ndugu yangu, huko ndiko kuimaliza raba haraka.

Kero iliyobaki ni mlango wa chumbani, unalia kila ukiguswa. Bawaba nimezitia mafuta, bado unabisha. Mafundi, nisaidieni tena.