Wiki hii mnasikiliza nini? Na je, mnaufikisha wimbo mpaka kwenye chemko?

DadaFundi_Moro anauliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba kila mtu aseme anasikiliza nini siku hizi, ila msinitajie jina la wimbo mkaondoka. Semeni ni pale gani panapowafanya muurudie. Naanza mimi.

Nashona nguo hapa Morogoro, na huu ni msimu wa sare za shule. Kutwa ni kupinda sketi za bluu, kufunga kola na kutoboa matundu ya vifungo. Mikono inaijua hiyo kazi, masikio yanabaki huru. Kispika cha flashi nakiweka juu ya kabati la vitambaa, na mwezi huu kinapiga dansi la hapa hapa mjini kwetu: Cuban Marimba, Morogoro Jazz, Super Volcano.

Wasichana wanaokuja kupima nguo wananiuliza hao ni akina nani, nami sichoki kuwaeleza. Mji huu ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizokuwa zikitambiana. Salum Abdallah aliipenda mno miziki ya Kikuba iliyokuwa ikiletwa kwenye santuri, na bendi yake ya kwanza, mwaka 1948, akaiita La Paloma kabla haijawa Cuban Marimba. Upande wa pili walikuwa Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe aling'ara miaka ya 1960, akiimba na kupiga gitaa la solo yeye mwenyewe. Mwaka 1970 walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akajitoa na kuunda Super Volcano. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye akafa kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Nyimbo zote zile, na hakufika hata arobaini!

Sasa jambo linaloniuma. Wimbo wa dansi huanza kwa kisa. Mwimbaji anaeleza yaliyomkuta, gitaa la rithimu linashikilia chini bila kuchoka, solo linajibu kila anapovuta pumzi. Kisa kikiisha, besi inabadilisha mwendo, ngoma za tumba zinapanda, na solo linaacha kujibu, linaanza kusema lenyewe. Hilo ndilo chemko. Waliokuwa bado wamekaa ukumbini, pale ndipo walipoinuka.

Nyimbo nyingi nilizowekewa kwenye flashi zinakatika kabla ya hapo. Unasikia kabisa gitaa linageuka, tumba zinaanza kupanda, halafu sauti inafifia na wimbo mwingine unaingia. Kisa chake ni santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo nyingi zilitoka Nairobi, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Wimbo ukiwa mrefu waliugawa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Aliyeuingiza kwenye kompyuta miaka mingi baadaye akachukua upande mmoja, akaona amemaliza. Redio nazo zinaongeza lao: mtangazaji anaanza kuongea gitaa linapoachiwa tu, kana kwamba pale hapana kitu.

Mtu aliyekatiwa pale amesikia masimulizi ya Mbaraka, lakini vidole vyake hajavisikia. Na vidole ndivyo vilivyomtoa Morogoro.

Nikitaka wimbo mzima nawageukia Sikinde, yaani Mlimani Park, bendi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1978. Bendi nzima iliingia studio za Radio Tanzania ikapiga kwa mkupuo mmoja, ikarekodiwa kwenye utepe, na utepe haugeuzwi katikati ya wimbo. Sikilizeni "Neema", sauti ya Cosmas Chidumule kabla hajahamia muziki wa Injili. Isikilizeni hadi mwisho, msiruke.

Haya, nyie je?

BintiMvita:

Salaam, dadangu fundi. Mimi huku Mombasa nasikiza Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, na si wiki hii tu. Nikianza kukuna nazi namuweka, nikimaliza kuosha vyombo bado yuko. Harimonia yake na tuni zake nyingi zina asili ya filamu za Kihindi, lakini maneno ni ya Kimvita kitupu, na mengi yalitungwa na Ahmad Nassir, mshairi, ambaye ni jamaa yake.

Kwetu chemko haliko kwenye gitaa, liko kwenye beti. Tafuta zile kaseti zilizorikodiwa arusini. Mwanzoni utasikia watu wakizungumza, viti vikiburutwa, mtoto akilia. Yeye anaimba tu. Akifika kwenye ubeti wenye fumbo, kuna mwanamke mmoja anapiga kigelegele kabla mshororo haujesha, maana ameshajua unaenda kumpata nani. Wenziwe wanafuatia. Hapo ndipo mimi hurudisha nyuma.

Ila la kukata wimbo tuko nalo pia, na sisi hukatiwa mwanzo. Msikize Zein l'Abdin, Mlamu yule, Mungu amrehemu. Kabla hajafungua mdomo, udi wake, ile ala ya nyuzi, ushasema nusu ya maneno. Wanangu wanaruka pale wakimbilie sauti. Huwaambia, nyumbani kwa mtu hamuingii bila kubisha hodi.

Katuba:

Jambo yenu wote. Miye niko Lubumbashi, na niko nasikiliza gitaa moja tu, bila bendi. Mwenda Jean Bosco, wimbo "Masanga", ule Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alirekodi mwaka 1952 huku kwetu Katanga. Dakika tatu hivi, basi. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinapiga juu, na ukifunga macho utaapa ni watu wawili.

Fundi, nakuheshimu, lakini sikubali kwamba wimbo ukiwa mfupi umepungukiwa. Yeye alijua santuri ya wakati ule haina nafasi, akaweka vyote ndani. Mimi najifunza gitaa, na pale ninaporudia ni mwanzo kabisa, pale gumba linapoanza kutembea peke yake na kidole cha shahada kinaingia nyuma yake kidogo. Nikiweka vidole pamoja inaharibika. Lazima kimoja kichelewe. Jirani yangu mwenye umri anasema tatizo langu ni kwamba naangalia mkono wa kushoto, na kumbe wimbo uko mkono wa kulia.

DadaFundi_Moro:

Katuba, karibu sana. Hatugombani kabisa. "Masanga" naufahamu, na haukukatwa na mtu: alianza alipotaka, akamaliza alipotaka. Mimi nalilia wimbo ambao wenyewe waliupiga dakika nane na sisi tukaletewa nne. Hilo la kidole kimoja kichelewe nimelipenda sana. Ukisikiliza magitaa mawili ya Super Volcano utalikuta: rithimu na solo hazigusi ardhi pamoja.

BintiMvita, dada yangu, huo ubeti wa fumbo hebu utuandikie siku moja, na utueleze uliwapata akina nani. Kama hawapo hai tena, lakini.

BintiMvita:

Wapo hai, dadangu. Ndiyo sababu siandiki.

MtotoWaTandale:

Shikamoo dada fundi, shikamooni wakubwa wote. Mimi natengeneza biti za singeli, ule muziki wa kasi wa huku Dar es Salaam, nasikiliza singeli kutwa, na uzi huu umenifanya nielewe kitu nilichokuwa nakifanya bila kukipatia jina.

Singeli haina sehemu ya kwanza. Inaanzia pale kwenye chemko na haishuki. Na mizizi yake iko hukohuko kwenu: kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha huku uswahilini, madijei walikuwa wanachukua kile kipande cha mwisho cha taarabu, kinanda kikiwa kimepamba moto na mwimbaji amenyamaza, wanakizungusha kijirudie, wanakiongezea kasi, mtu anashika kipaza sauti anachana juu yake. Ikatoka hapo. Leo kuna biti zinapita mapigo 200 kwa dakika, na studio ya Sisso kule Mburahati nyimbo zake zimetoka hadi Ulaya kwenye sahani za santuri.

Pale ninaporudia mimi ni sekunde ile biti inakatika ghafla, msanii anabaki na sauti tupu, halafu ngoma inarudi. Ukiwa kwenye sherehe unaona watu wote wameruka na kutua kwa pamoja, vumbi juu.

Dada fundi, hizo pande mbili za santuri zinaungika. Nimewahi kufanya kwa wimbo wa mjomba wangu. Sehemu ya kwanza huwa inafifia mwishoni, ya pili inaanzia karibu na palepale, mara nyingi kuna sekunde chache zimejirudia. Unatafuta pigo moja la tumba linalofanana pande zote mbili, unayalaza yale mapigo moja juu ya jingine, unapandisha ile sauti iliyofifia, unakata palepale. Msikilizaji hajui kulikuwa na kugeuza. Ukiwa na pande zote mbili nitumie, nakufanyia. Sitaki hela.

DadaFundi_Moro:

Marahaba, mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, nikamsomea na mwenzangu wa mashine ya pili.

Upande wa kwanza ninao kwenye flashi. Upande wa pili anao mzee mmoja jirani na soko, ana santuri za Super Volcano kwenye bahasha zake na mashine yake bado inazunguka, sindano ndiyo ya kubembeleza. Ameshaniruhusu nirekodi, sharti lake nisiziguse, atazigeuza mwenyewe. Nitakwenda Jumapili baada ya ibada, barabara ikiwa kimya. Niambie tu simu niiweke umbali gani na spika, na kama nirekodi upya na ule upande wa kwanza ili zifanane.

MtotoWaTandale:

Rekodi pande zote mbili siku hiyohiyo, usiisogeze simu kabisa. Kama mashine yake ina tundu la waya wa kutolea sauti, piga picha ya nyuma unitumie kwanza, itakuwa bora kuliko kurekodi hewani. Ikishindikana, hatua moja kutoka kwenye spika, na funga madirisha. Mikwaruzo nitaipunguza.

DadaFundi_Moro:

Mikwaruzo punguza, lakini kasi usiiguse, mwanangu. Iache aliyoipiga Mbaraka.