Gereji imenitolea themostati kimyakimya, hedi ya 1KZ imepasuka Kitonga

Wakuu, naandika nikiwa Iringa, siku ya nne leo. Gari imesimama kwa fundi bila hedi (kichwa cha injini, kile kinachofunika silinda kwa juu), mama yangu nimempandisha basi kwenda Makambako peke yake na mguu wake mbovu. Nina hasira sana, mtanisamehe nikiandika kwa ukali.

Gari ni Prado ya 1997, KZJ95, injini 1KZ-TE ya dizeli, otomatiki. Ninayo mwaka wa tisa huu na haijawahi kunilaza njiani. Wiki mbili kabla ya safari niliipeleka gereji moja Dar nikasema kwa mdomo wangu kwamba nataka sevisi kamili ya mfumo wa kupoza injini. Rejeta ishushwe isafishwe ndani na nje, mpira wa juu na wa chini ibadilishwe, themostati mpya (kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta kulingana na joto), mfuniko wa rejeta mpya, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ijazwe, feni ikaguliwe. Sikusema "icheki cheki tu". Nilitaja kifaa kimoja kimoja, jamaa akaandika kwenye karatasi na karatasi ninayo. Nikalipa 420,000. Kesho yake jioni nikakabidhiwa gari, tenki la akiba lina maji mekundu, injini imepigwa dawa inang'aa. "Bosi, hii unaenda Tunduma na kurudi, usiwe na wasi."

Hata Ilula sikufika.

Ilikuwa saa nane mchana, tumetoka kwenye lile joto la Ruaha Mbuyuni, tunaanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori mawili yenye mzigo. Anayeijua Kitonga anajua, huwezi kupita, unatambaa nyuma ya lori kona baada ya kona, upepo wa kupoza rejeta hakuna, na giaboksi ya otomatiki nayo inamwaga joto lake humohumo kwenye rejeta kwa sababu mafuta yake yanapozwa hapo chini. Muda wote huo mshale wa joto umetulia katikati. Naomba wenye Toyota za zamani mlisikie hili: mshale ule umetengenezwa utulie. Injini inaweza kupanda digrii nyingi na mshale haujasogea, ukija kusogea umeshachelewa. Mimi nilihisi gari imeishiwa nguvu kwanza. Nikatazama, mshale unapanda huku nauona. Nikawasha hita hadi mwisho ili kupunguza moto kwenye injini, na kwenye matundu ukatoka upepo wa baridi.

Upepo wa baridi, wakuu. Maana yake kwenye hita hakuna maji tena. Hapo moyo ulinilipuka. Sekunde chache mbele mshale ukaanza kushuka wenyewe. Mtu asiyejua angefurahi, kumbe sensa ilikuwa imebaki hewani na haigusi maji.

Nikasimama ukingoni nusu tairi barabarani. Utingo wa lori la nyuma akaja mbio akaweka mawe kwenye matairi, Mungu ambariki kijana yule. Mama, miaka 71, akashuka na fimbo yake akakaa juu ya jiwe, malori yanapita hatua mbili kutoka magotini mwake. Tulikaa pale karibu saa nzima ndipo nikathubutu kufungua mfuniko. Kuvutwa hadi Iringa 250,000.

Sasa sikilizeni kilichokutwa. Fundi wa huku ni mzee mtaratibu, kila anachofungua ananiita kwanza nione. Akafungua nyumba ya themostati. Ndani tupu! Hakuna themostati mpya, hakuna ya zamani, kuna gundi nyekundu ya silikoni imepakwa kuzunguka ukingo ili isivuje. Hayo maji mekundu niliyouziwa kama kulanti ni maji ya bomba yenye rangi, akamimina kwenye beseni yakatoka na tope la kutu. Mfuniko wa rejeta ni uleule wangu wa zamani, raba yake imepasuka. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni halipo kabisa! Walishusha rejeta, wakaona kulirudisha ni usumbufu, wakaliacha. Bila lile kava feni inavuta hewa ya pembeni, hewa ya moto ya injini yenyewe, badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Feni nayo tuliikagua injini ilipokuwa bado ya moto. Mzee akaisukuma kwa kidole kimoja ikazunguka raundi nne. Klachi yake, inayoishika feni izunguke na injini, imekwisha, mafuta ya silikoni ya ndani yametoka. Ikiwa nzima na injini ni ya moto, feni inakuwa nzito, haizunguki hovyo. Kukagua kitu hicho ni sekunde tano. Mimi niliandikiwa "feni OK".

Nikampigia jamaa wa gereji. Jibu lake: "Kaka, themostati ni ya nchi za baridi. Sisi hapa Dar tunazitoa gari zote, injini inakuwa baridi zaidi."

Gari zote! Anajisifia. Kwa hiyo nawaandikia nyie mliopeleka magari yenu huko na kwingineko, maana maneno haya nimeyasikia gereji nyingi. Themostati za Toyota hizi zina milango miwili. Injini ikiwa baridi, mlango wa kwenda rejeta umefungwa na maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Yakipata moto, mlango mkubwa unafunguka, na sahani ya upande wa pili inaiziba ile njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini na moto wake bila kuiona rejeta. Barabara tambarare hutagundua, utasifia kabisa kwamba gari imepoa. Mlima kama Kitonga au Sekenke ndio unakupa jibu.

Na mfuniko nao si kifuniko cha sufuria. Umeandikwa 0.9, hiyo ni presha inayoshikiliwa ndani, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yafike karibu digrii 118. Raba ikipasuka presha haikai, tena huku milimani mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu Iringa ukibandika sufuria ya wazi maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko mpya ni bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Hata huo waliniibia.

Hedi imepasuka silinda ya tatu, kati ya valvu ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi, ukipitisha ukucha unakwama. Si ya kukwangua uso ikarudi kazini, ni kununua nyingine. Na hapo ndipo wajuaji mtakuja na wimbo wenu, "1KZ ndio ugonjwa wake". Hapana, nakataa. Ni kweli hedi yake ni alumini juu ya bloku la chuma, haivumilii kuchemshwa. Lakini injini hii haijichemshi. Inachemshwa na maji ya bomba, na feni iliyokufa, na rejeta iliyojaa matope kati yake na kondensa ya AC, na fundi anayetoa vifaa vilivyowekwa na kiwanda kisha anakuambia ndiyo utaalamu. Miaka tisa nimepanda nayo mlima huohuo, mara mbili kwa mwaka, haijapasuka. Imepasuka wiki mbili baada ya "sevisi".

Kinachoniuma kuliko pesa ni kwamba hawakuniambia. Angesema "kaka, themostati yako nimeitoa, hatuna mpya", ningeitafuta mwenyewe, au nisingesafiri. Amenyamaza, akapokea hela ya kifaa kipya, akaniacha nimpandishe mama yangu mlimani.

Gereji siitaji jina kwa sasa. Narudi Dar Jumamosi kwa basi na naenda kusimama pale na karatasi yao, picha, na hiyo hedi ndani ya kiroba. Nataka 420,000 yangu, nataka gharama ya hedi, nataka kava langu la feni. Kama kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa hela na gereji, naomba aniambie alianzia wapi: Tume ya Ushindani, au moja kwa moja mahakama ya mwanzo? Na mwenye kava la feni la KZJ95 zima, lisilo na nyufa, ani-PM bei.