Kuirudia Tomb Raider baada ya miaka mingi: nianzie toleo lipi?

Mwana wa Mwaloni (Mwanza)

Wakuu, salaam. Nilikulia Kirumba, si mbali na soko la dagaa la Mwaloni, na jirani yetu alikuwa na banda la gemu lenye televisheni mbili na PlayStation ya kwanza. Wateja walitaka mpira na ngumi, kwa sababu hizo huchezwa na wawili na hulipiwa na wawili, kwa hiyo Tomb Raider ilipata nafasi Jumamosi asubuhi tu, kabla banda halijajaa. Memori kadi ya kuhifadhia mchezo haikuwepo. Kila Jumamosi nilianza upya katika mapango yale ya Peru, nikajua hadi mahali ambapo kila mbwa mwitu hutokea, lakini sikuwahi kulimaliza bonde la dinosaria la hatua ya tatu: ama muda wangu uliisha, ama umeme ulikatika.

Sasa nimenunua PlayStation 4 iliyotumika, na nimeona kwamba gemu tatu za kwanza zinauzwa pamoja zikiwa zimefanyiwa ukarabati. Je, nianzie hizo, au niende moja kwa moja kwenye zile mpya zilizoanza mwaka 2013? Nauliza kwa sababu hizo za zamani nilizijaribu kwa rafiki kwa nusu saa, na Lara Croft, shujaa wa gemu hizi, alikuwa akigeuka polepole kama kivuko kinachotafuta gati la Kamanga. Sikumbuki kama alikuwa hivyo. Nitashukuru kwa ushauri wa mtu aliyezicheza kwa makini.

Fundi wa Pedi (Nyakato)

Ndugu yangu, anzia ya kwanza, na uchague mwongozo wa zamani, yaani namna ya zamani ya kumwendesha Lara kwa vitufe, hata kama siku mbili za mwanzo zitakuudhi. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa maana naona watu wengi wanaikimbia gemu hii kabla hawajaielewa.

Core Design, waliokuwa na ofisi zao Derby, Uingereza, walipoitoa gemu hii mwaka 1996, waliijenga dunia yake yote kwa miraba yenye ukubwa mmoja. Ukiangalia sakafu kwa utulivu utaiona miraba hiyo. Lara akiruka akiwa anakimbia huvuka miraba miwili, na ukishikilia kitufe cha kudaka anaweza kuufikia ukingo ulio ng'ambo ya mitatu. Ukishikilia kitufe cha kutembea hatadondoka ukingoni, hata ukimsukuma mbele. Kisha unamrudisha nyuma kwa mruko mmoja, naye anakuwa amepata nafasi kamili ya kukimbilia. Wewe umekulia Mwanza. Bila shaka umewahi kuruka kutoka jiwe hadi jiwe kule mlimani, na unajua kwamba mtoto husogea kwanza hadi ukingoni, akapima kwa macho, akarudi nyuma, ndipo akakimbia. Gemu inakutaka ufanye hivyo hivyo. Mwongozo wa kisasa unamfanya Lara akimbilie kokote unakosukuma kijiti, jambo ambalo ni zuri kwenye uwanja wazi, lakini linakunyang'anya kile kipimo, nawe unaanza kuruka kwa kubahatisha.

Kuhusu kuhifadhi, usiwe na wasiwasi. Kwenye PlayStation ya zamani toleo la kwanza lilikulazimisha kuhifadhi kwenye fuwele maalumu tu, ila katika ukarabati huu, uliofanywa na Aspyr na kutoka tarehe 14 Februari 2024, unahifadhi popote. Kipo pia kitufe kinachobadilisha picha kati ya sura ya zamani na mpya papo hapo. Mimi huirudisha ya zamani kila ninapoingia chumba kipya, kwa sababu wakati mwingine mwanga mpya unaficha vitu ambavyo picha za mwanzo zilivionyesha wazi.

Dada wa Kagera (Bukoba)

Kwa heshima zote, Fundi, si kila mtu anahitaji kupitia njia hiyo. Mimi niliingia katika mfululizo huu kwa Legend ya mwaka 2006, kwenye PlayStation 2, na sehemu yake moja iko Ghana. Kwa msichana wa Bukoba, kumwona Lara akishuka kwenye maporomoko ya maji ya Afrika lilikuwa jambo kubwa. Mwaka uliofuata Crystal Dynamics walitoa Anniversary, ambayo ni hadithi ileile ya 1996 iliyojengwa upya, ikiwa na kamba yenye ndoano na mwongozo mwepesi zaidi. Hiyo ndiyo ningempa mtu anayerudi baada ya miaka mingi.

Hata hivyo nakubaliana nawe kuhusu jambo moja. Ukimya wa ile ya kwanza haukurudi tena. Unatembea chumba baada ya chumba ukisikia nyayo tu, kisha muziki unaingia kwa sekunde chache na kutoweka. Katika zile zilizofuata wahusika huongea mno.

Fundi wa Pedi (Nyakato)

Hapo dada umesema kweli, na Anniversary ni kazi nzuri. Lakini mwenzetu anadaiwa na bonde lile lile aliloliacha.

Mwana wa Mwaloni (Mwanza)

Nawashukuru nyote. Nimechukua mwongozo wa zamani, na jioni ya kwanza niliitumia yote kwenye jumba la Lara, nikipima ukingo na kurudi nyuma hadi vidole vilipozoea. Jana usiku nilifika bondeni. Yule dinosaria mkubwa alipotokea nilikimbilia kwenye upenyo wa mwamba, kama nilivyofanya utotoni, nikampiga risasi kutoka humo mpaka akaanguka, kisha nikahifadhi. Nilikaa kimya kwa dakika nzima nikilitazama bonde likiwa tupu. Sikuwahi kuliona hivyo.

Ile mashine ya kugeuza maporomoko inahitaji gia tatu, nami nimeshapata mbili. Naomba asinitajie mtu ya tatu iko wapi.