Mbunge wa jimbo akijiuzulu: turudi kituoni au tuhesabu upya kura za zamani?

Mwanzisha mada (Sydney)
Tarehe 12 Februari 2022 New South Wales, huku Australia, ilifanya chaguzi ndogo nne kwa siku moja, na zote nne zilitokana na wabunge kujiuzulu. Gladys Berejiklian aliacha uwaziri mkuu wa jimbo pamoja na kiti cha Willoughby baada ya ICAC, tume ya kupambana na rushwa, kutangaza kwamba inamchunguza. Naibu wake, John Barilaro, akaacha Monaro. Andrew Constance akaacha Bega ili agombee bunge la shirikisho. Upande wa upinzani Jodi McKay akaacha Strathfield. Huyu alikwisha kung'atuka uongozi wa Labor mwaka 2021, baada ya chama chake kushindwa Upper Hunter, nako ni uchaguzi mdogo uliotokana na mbunge kujiuzulu.

Uchaguzi mkuu ulikuwa Machi 2023, miezi kumi na tatu tu mbele. Wananchi wa maeneo manne wakaitwa vituoni kwa sababu ya uamuzi wa watu wanne. Asiyepiga kura bila sababu ya msingi anatozwa faini ya dola 55, aliyeondoka halipi hata senti. Hoja yangu: kiti kijazwe kwa kuhesabu upya kura za uchaguzi mkuu uliopita, kama wanavyofanya wenzetu wa Tasmania, humu humu Australia.

(Nikisema jimbo nina maana ya New South Wales nzima. Anapochaguliwa mbunge mmoja nitapaita eneo bunge, tusije tukachanganyana.)

Hobart
Mkuu, utaratibu wa Tasmania huwezi kuuchukua nusu ukauacha nusu. Huku baraza la chini lina maeneo matano, na tangu 2024 kila eneo lina wabunge saba. Kila chama kinasimamisha wagombea kadhaa kwenye karatasi moja, na mpiga kura anawapanga kwa namba. Peter Gutwein alipojiuzulu mwaka 2022, zilitolewa tena kura zilizompa ubunge katika eneo la Bass, jina lake likarukwa, ikatazamwa namba inayofuata kwenye kila karatasi. Akapita Simon Wood wa chama kilekile. Yaani hesabu inafanyika kwa wale waliogombea wakakosa.

Sasa jaribu hivyo Willoughby. Karatasi ya 2019 ilikuwa na mgombea mmoja tu wa Liberal, Berejiklian mwenyewe. Ukimruka, namba 2 inaangukia chama kingine. Na New South Wales mpiga kura halazimiki kuandika namba zote, akiandika 1 peke yake kura yake ni halali. Karatasi ya namna hiyo ukiondoa jina la aliyejiuzulu haina pa kwenda, imekufa. Utajikuta unawapa kiti watu walioshindwa vibaya, kwa kura za wachache waliojaza namba nyingi.

Mwanzisha mada (Sydney)
Hapo umenishika, nakubali. Basi kuna njia ya pili: chama kilichoshinda kiteue mrithi. Seneti ya shirikisho inafanya hivyo tangu kura ya maoni ya 1977, anayejaza nafasi lazima atoke chama kile kile. Hiyo ilikuja baada ya Joh Bjelke-Petersen, kiongozi wa Queensland, kumpeleka Albert Field mwaka 1975 mahali pa seneta wa Labor aliyefariki, kinyume na matakwa ya Labor wenyewe.

Dar es Salaam
Chama kuteua tunakujua, ndivyo viti maalum vinavyojazwa kwetu. Mbunge wa aina hiyo anamtazama katibu wa chama, hamtazami mpiga kura. Kiti cha eneo bunge watu walichagua sura na jina, wakamjua mtu.

Mimi naona swali kubwa zaidi ni hili: aliyejiuzulu aruhusiwe kurudi kugombea kiti kile kile? Maulid Mtulia alijiuzulu ubunge wa Kinondoni akiwa CUF, Godwin Mollel akajiuzulu Siha akiwa CHADEMA. Tarehe 17 Februari 2018 wote wawili wakashinda viti vile vile kwa tiketi ya CCM. Kwa katiba yetu mbunge akihama chama anapoteza ubunge, kwa hiyo kujiuzulu kumekuwa mlango wa kuhamia. Gharama yote kwa umma, na aliye bungeni ni yule yule. Hapo ndipo ningeweka kizuizi: ukijiuzulu kwa hiari, usigombee hadi uchaguzi mkuu.

Nairobi
Kizuizi hicho kitawaumiza pia wanaojiuzulu kwa kukataa maovu ya chama chao na kutaka wananchi waamue. Mimi ningeanza na muda. Katiba yetu, kifungu cha 101, inampa Spika siku 21 kuiarifu IEBC, tume ya uchaguzi, kwamba kiti kiko wazi, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kilipokuwa wazi. Huko kwenu Berejiklian alitangaza tarehe 1 Oktoba 2021 na kura zikapigwa Februari. Miezi minne na zaidi!

Wollongong
Ndugu wa Nairobi, tofautisha tangazo na barua. Kutangaza mbele ya kamera hakufungui kiti. Kiti kinakuwa wazi mbunge anapompelekea Spika barua ya kujiuzulu, na Berejiklian hakuondoka rasmi hadi 30 Desemba. Spika ndiye anayetoa hati ya uchaguzi, na ndani yake ndimo tarehe ya mwisho ya kuchukua wagombea na siku yenyewe ya kura. Ikitakiwa, inakwenda mbio: Gareth Ward wa Kiama alipatikana na hatia mahakamani Julai 2025, akajiuzulu 8 Agosti bunge likijiandaa kumfukuza, na tarehe 13 Septemba watu wa Kiama wakapiga kura. Siku 36. Labor wakakichukua.

Mwanzisha mada, chaguzi hizi unaziona mzigo. Tazama Bega. Kiti hicho Labor hawakuwahi kukishika tangu kilipoanzishwa 1988, na siku ile ya Februari Michael Holland akakichukua. Serikali, muungano wa Liberal na National, ilishinda 2019 ikiwa na wabunge 48 kati ya 93. Wawili walikwisha kuhamia viti vya wabunge binafsi, wakabaki 46, na Bega ikawafikisha 45 wakati wingi unaotakiwa ni 47. Chama kingeteua mrithi, lile pigo lisingekuwepo kabisa. Willoughby nako, mahali palipohesabiwa ngome, Liberal walipita kwa karibu asilimia 53 tu dhidi ya mgombea binafsi.

Kinachoniudhi ni vyama vikubwa kususia. Labor hawakusimamisha mtu Willoughby. Oktoba 2024, viti vya Epping, Hornsby na Pittwater vilipoachwa wazi, hawakusimamisha mtu hata kimoja. Mfuasi wa Labor anatishiwa faini asipokwenda, akifika hakuna chama chake kwenye karatasi. Na huyu ndiye anayeandika 1 kwa mgombea mdogo kisha anaacha.

Chukua kura 1,000. A ana 430, B ana 300, C na wadogo wengine wana 270. Wadogo wanaondolewa, na kila karatasi yao inakwenda kwa aliyepewa namba inayofuata. Karatasi zao 150 zina 1 tu, zinawekwa kando. Zilizobaki 120 zinagawanyika, 100 kwa B na 20 kwa A. A anashinda 450 kwa 400. Lakini zile 150 zingejazwa namba na kwenda kwa uwiano ule ule wa tano kwa moja, B angefika 525 na A 475. Kiti kimegeuka, na hakuna aliyeiba kura. Ndiyo maana wakala mwenye akili hasimami kuhesabu namba 1 peke yake, anatazama karatasi za wadogo zina namba ngapi.

Mwanzisha mada (Sydney)
Hesabu hiyo imenigeuza kwenye uteuzi wa chama. Kwenye gharama na usumbufu bado nashikilia. Mwaka 2022, kwa sababu ya korona, kila aliyeandikishwa katika maeneo yale manne alipelekewa karatasi nyumbani bila kuomba. Upigaji wa mtandaoni, iVote, ulikuwa umekwama kwenye uchaguzi wa halmashauri Desemba 2021 na haukutumika. Bahasha za posta zilipokelewa siku 13 baada ya kura, hadi 25 Februari. Utaratibu ule uwe wa kudumu kwa kila uchaguzi mdogo.

Hobart
Uwe wa kudumu, ila bahasha isiyo na sahihi haifunguliwi, na ndiyo inayowaangusha wengi, hasa wazee na wasiosoma Kiingereza. Karatasi umeijaza vizuri, umeikunja, umeifunga, ukasahau kusaini nje: haihesabiwi. Maelekezo yaje pia kwa lugha za watu wa eneo lile, Kiswahili kikiwemo mahali tulipo wengi.

Nairobi
Na kiti kikiwa wazi uchaguzi mkuu umekaribia? Sisi miezi mitatu ya mwisho hakuna uchaguzi mdogo.

Mwanzisha mada (Sydney)
Ningesema sita. Miezi mitatu ni kidogo mno, mshindi anaapishwa leo, kesho bunge linavunjwa.

Wollongong
Miezi sita bila mbunge ni mingi. Barabara ya Kiama ikikatwa na mafuriko, nani atasimama bungeni kuidai?