Re: UB ya kozi ya kujaza risasi: ofisi mpya inadai cheti cha polisi kutoka nyumbani

Kutoka: Mkazi mpya wa Kassel

Ndugu zangu, naomba msaada wa mwenye uzoefu. Nina WBK (kibali cha kumiliki silaha) ya kijani yenye rivolva moja ya .357, ambayo kwa mashindano ya mita 25 naipigia risasi za .38 Special, na chama changu cha shabaha kimekwisha kuniandikia barua ya uhitaji kwa ajili ya kibali cha Paragrafu ya 27 ya sheria ya vilipuzi, ili nisubu (niyeyushe na kumimina kwenye kalibu) na kujaza wadikata zangu mwenyewe, yaani risasi za shabaha zenye kichwa bapa, badala ya kununua za dukani ambazo bei yake inapanda kila msimu. UB ya kwanza, yaani hati ya ofisi kwamba hakuna pingamizi la kuingia kozi ya kujaza risasi, niliipata bila matata nilipokuwa jimbo jingine, lakini kozi ilikuwa imejaa, kazi ikanihamisha, na muda wa UB ukaisha kabla sijapata nafasi. Sasa ofisi ya huku inasema haitatoa UB mpya mpaka nilete cheti cha polisi kutoka Tanzania pamoja na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, ingawa nimeishi Ujerumani tangu nilipokuja chuo kikuu, na WBK yangu haijawahi kutiliwa shaka. Swali langu ni moja: je, ofisi ina haki ya kudai cheti hicho kwa ajili ya UB, na kama inayo, ni kwa kifungu gani?

Kutoka: Mzee wa Dortmund

Binti yangu, pole sana. Sisi tuliotangulia hatukuulizwa hayo. Nilipoomba kibali changu, afisa alitaka kujua jambo moja tu, nalo ni mahali nitakapoweka baruti. Mambo yalianza kukaza baada ya mauaji ya shuleni Winnenden mwaka 2009, ambapo wakaguzi walipata ruhusa ya kubisha hodi na kutazama kasha la silaha hata bila kukushuku, kisha kuanzia mwaka 2020 ofisi za silaha zikatakiwa kuuliza na idara ya usalama wa katiba, yaani ujasusi wa ndani, kuhusu kila mwombaji. Mimi kibali changu huhuishwa kila baada ya miaka mitano, na kila mara karatasi huongezeka, lakini cheti kutoka Tanga hawajawahi kukitaka. Je, hukuweza kuieleza ofisi kwamba faili lako lote liko katika jimbo ulikotoka?

Kutoka: Kaka wa Leipzig

Shikamoo Mzee. Kwa heshima, nadhani jibu liko kwenye kanuni ya miaka mitano ya ukaazi, ambayo inairuhusu ofisi kukataa maombi ya mtu ambaye hajaishi hapa kwa muda huo. Dada yetu apeleke uthibitisho wa makazi tu, mambo yataisha. Vinginevyo aombe WBK ya njano, kwa kuwa masharti yake ni mepesi, ahamishie rivolva huko. Asisahau pia kwamba hata kusubu vichwa vya risasi kunahitaji kibali kilekile cha 27, kwa hiyo asinunue kalibu kabla ya wakati.

Kutoka: Dada wa Freiburg

Naomba tusipotoshane, maana kuna watu wanaosoma barua hizi na kwenda nazo ofisini. Kanuni ya miaka mitano imo katika Paragrafu ya 4 ya sheria ya silaha, ilhali UB na kibali cha 27 vinatoka katika sheria ya vilipuzi, na hizo ni sheria mbili tofauti hata kama afisa ni yuleyule na meza ni ileile. Rivolva inayotumia risasi kamili haiingii katika WBK ya njano, na zinazoingia ni zile za kushindilia baruti na kuwashwa kwa fataki (kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa). Tena kusubu risasi hakuhitaji kibali chochote, kwa kuwa madini ya risasi, kalibu na maganda matupu huuzwa bila karatasi. Kinachodhibitiwa ni baruti na kitendo cha kujaza. Dada wa Kassel anaweza kuanza kusubu leo jioni akitaka.

Mimi mwenyewe niliombwa cheti cha nyumbani, lakini ilikuwa kwa ajili ya uraia, na alama za vidole nilizipigia ubalozini Berlin baada ya kupanga miadi ambayo iliahirishwa mara kadhaa.

Kutoka: Kaka wa Leipzig

Ahsante kwa somo, ingawa lingeweza kutolewa kwa upole zaidi. Kwa kuwa tumekubaliana kwamba kusubu ni ruhusa, niseme kuhusu madini. Zamani wasubuji walitegemea vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, kwa sababu vilikuwa risasi yenye antimoni kidogo, iliyofaa bila kuongezwa kitu. Katika Umoja wa Ulaya vipande vya risasi vilipigwa marufuku kwenye magari mapya tangu mwaka 2005, na vingi vya siku hizi ni zinki au chuma. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 na zinki huhitaji karibu 420, kwa hiyo ukiweka moto wa wastani na kipimajoto chunguni, zinki itaelea juu nawe utaiondoa kwa kijiko. Moto ukizidi, inaingia katika mchanganyiko, na tangu hapo vichwa vinatoka na kingo za mviringo, hali wadikata inahitaji ukingo mkali. Mimi huchanganya risasi laini na bati kidogo, kisha hupitisha vichwa kwenye tundu la kusawazisha upana la .357 ya inchi, sawasawa na mtutu.

Kutoka: Mzee wa Dortmund

Marahaba kijana, lakini hiyo .357 yako ndiyo inayokuchafulia mtutu. Kichwa cha kusubu hupimwa kwa midomo ya chemba za silinda, si kwa jina lililochorwa ubavuni mwa rivolva. Kichwa kikiwa chembamba kuliko njia yake, gesi ya moto hupita pembeni, huyeyusha ngozi ya risasi na kuibandika kwenye mifereji ya mtutu, halafu mtu analaumu mafuta ya kulainishia. Kwa rivolva nyingi .358 ndiyo inayokaa vizuri. Ugumu nao usizidi, kwa sababu wadikata hupigwa polepole, na kichwa kigumu mno hakitanuki nyuma ili kuziba njia.

Niongeze la muhimu kuliko yote, ambalo dada atalisikia kozini lakini halichoshi kurudiwa. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati baruti nyeusi ilipokuwa bado ikitumika, kwa hiyo lina nafasi kubwa kuliko inavyohitaji baruti ya leo. Kipimo cha baruti cha wadikata ni kidogo sana, kiasi kwamba ukimimina mara mbili katika ganda moja halifuriki wala halikupi dalili yoyote. Juu ya hayo wadikata huzamishwa karibu yote ndani ya ganda, nafasi iliyobaki hupungua, na kanieneo hupanda upesi. Katika chama jirani na chetu niliona rivolva iliyopasuka silinda na kupinda daraja la juu (chuma kinachopita juu ya silinda) kwa sababu hiyo, na mwenyewe aliponea chupuchupu. Ndiyo maana mimi husimamisha maganda yote kwenye kibao, humimina, kisha hutazama kila moja kwa tochi kabla ya kukalisha kichwa hata kimoja. Jicho hilohilo hulikamata ganda lililorukwa, maana fataki peke yake huweza kukisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo inayoleta msiba. Vipimo vyenyewe mtu avitoe kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, asiokote kwenye barua za watu, zangu zikiwemo.

Kutoka: Mruvuma aliyeko Berlin

Nawasoma na kutabasamu. Babu yangu alikuwa na gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijiji, na risasi zake alizisubu mwenyewe kwa sahani za betri za gari zilizokufa, akazimimina kwenye tundu alilotoboa katika udongo mkavu. Ngedere na nguruwe pori walilijua shamba letu kwa mlio wake. Siku hizi, kila tangazo la kusalimisha silaha haramu kwa hiari likitoka, magobore huwa miongoni mwa yanayorudishwa polisi, na sijui anayelinda mahindi sasa analinda kwa nini.

Ila niseme ukweli, linanichoma jambo hili la cheti. Mwaka 1905 Wajerumani hawakuonyesha cheti chochote cha tabia njema walipowapiga watu wetu kwa bunduki za rasharasha katika vita vya Maji Maji, na Rais wao Steinmeier aliomba msamaha Songea mnamo Novemba 2023 tu. Leo mjukuu wa watu hao anaambiwa athibitishe kwamba hana rekodi mbaya huko huko.

Kutoka: Muuguzi wa Bremen

Mruvuma, ya babu tumeyapokea kwa heshima zote, lakini asitokee mtu wa kumwiga. Sahani za betri za gari zina asidi, na katika betri za zamani kuna pia aseniki, ambayo hutoa gesi ya sumu ikikutana na mabaki ya aina fulani ndani ya chungu. Hata risasi safi si mchezo. Hatari kubwa kwa msubuji wa nyumbani ni vumbi la majivu yanayoenguliwa juu ya chungu, linaloshika mikononi, kwenye nguo na hatimaye kwenye zulia ambalo mtoto anatambaa juu yake. Sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo ambacho mtu mzima hakihisi. Subuni nje au penye hewa nyingi, msile wala kuvuta sigara hapo, nguo zifuliwe peke yake, na ambaye ni mjamzito asikaribie kabisa. Tena maji yasifike chunguni, maana tone likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chungu chote usoni. Anayesubu mara kwa mara amwombe daktari wake kipimo cha madini ya risasi katika damu.

Kutoka: Dada wa Freiburg

Ahsante Muuguzi. Kuhusu Maji Maji, uchungu wako naufahamu, Mruvuma, ila hautamsaidia dada wa Kassel mbele ya afisa ambaye pengine hajui Songea iko wapi. Nikumbushe tu kwamba tangu marekebisho ya Oktoba 2024 ofisi za silaha zinauliza mamlaka nyingi zaidi za humu nchini kuliko zamani, na Wajerumani wenyewe wanalalamika kusubiri.

Kutoka: Mruvuma aliyeko Berlin

Kusubiri na kutumwa Dar es Salaam ni mambo mawili tofauti, dada yangu.

Kutoka: Mkazi mpya wa Kassel

Shikamooni wakubwa, na ahsanteni. Nimejifunza mengi kuhusu chemba na zinki, na tochi ya Mzee nitainunua. Hata hivyo naomba kurudi kwenye swali. Nimeiandikia ofisi nikitaka kifungu, nikajibiwa kwamba ni utaratibu wa ndani, na kwamba nikitaka uamuzi wa maandishi ninaoweza kuupinga, ada ya maombi italipwa hata nikikataliwa. Kozi inayofuata inafungwa kupokea majina mwishoni mwa mwezi. Je, kuna yeyote aliyewahi kudaiwa cheti cha nyumbani kwa ajili ya UB hasa, si uraia wala WBK, akakipinga?

Kutoka: Kaka wa Leipzig

Rafiki yangu Mganda huku alidaiwa, lakini ilikuwa kwa leseni ya uwindaji. Alikileta, wakakipokea, na hadi leo hajui kama kilisomwa.

Mzee, nimepima midomo ya chemba zangu kama ulivyosema na zote zinapokea .358. Ile kalibu yako ya mashimo manne ya wadikata zenye uzito wa greni 148, uliyoitangaza hapa kabla ya Pasaka, bado unaiuza?

Kutoka: Mzee wa Dortmund

Bado ipo. Vishikio vya mbao vimeungua kidogo, kwa hiyo tutaelewana bei. Niandikie pembeni.