Mjadala: Simulizi za wenyeji kuhusu ndege za vita zilizoanguka Scotland, ni ushahidi au ni chai?

Msafiri wa Kaskazini

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa nne huku Inverness, na kila nikipanda mlima sikosi kuonyeshwa chuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi walifundishiwa urubani Scotland, na ukungu wa huku hauna adabu, unashuka saa saba mchana kama mtu kafunga pazia. Ndege nyingi ziligonga milima. Mabaki ya baadhi yapo hadi leo, na kila bonde lina msimulizi wake.

Swali langu: simulizi ikipishana na faili la jeshi, tushike lipi?

Kisa kinachonisumbua ni hiki. Tarehe 25 Agosti 1942, Sunderland, ile ndege kubwa ya kutua majini, iliruka kutoka Invergordon kwenda Iceland ikiwa na watu 15. Mmoja wao alikuwa Prince George, Duke of Kent, mdogo wake Mfalme George VI. Baada ya kama nusu saa ikajibamiza kwenye kilima kiitwacho Eagle's Rock, Caithness, kaskazini kabisa mwa Scotland, wakati njia yake ilikuwa juu ya bahari. Watu waliokuwa na kondoo wao walisikia mngurumo ndani ya ukungu, halafu mshindo. Ikadhaniwa hakuna aliyepona. Kesho yake mpiga bunduki wa mkiani, Andrew Jack, akaibuka kwenye nyumba ya mkulima, kaungua lakini hai.

Oktoba mwaka huohuo Waziri wa Jeshi la Anga, Archibald Sinclair, akaliambia Bunge kuwa ndege ilipotea njia na iliruka chini mno, na lawama ikamwangukia rubani mkuu, Frank Goyen. (Sinclair huyo ndiye alikuwa mbunge wa Caithness na Sutherland. Dunia ndogo.) Maneno hayakuisha. Wapo wanaosema Duke mwenyewe ndiye alikuwa kwenye usukani. Wapo wanaosema mle ndani kulikuwa na mtu wa 16.

Mimi nasema zirekodiwe zote kabla wazee hawajatuishia, kisha zipimwe. Lisemwalo lipo. Naomba kuwasilisha.

Fundi Chuma

Mkuu, hiyo ya mtu wa 16 ni chai, tena ya rangi. Mwana wa mfalme akifa, watu hawakubali kwamba ni ukungu tu. Lazima pawe na siri, pawe na sanduku la pesa, pawe na Mjerumani. Na methali umeikata: "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Hiyo "laja" ndiyo shida yenyewe. Ukishalirekodi na kulitundika mtandaoni, limeshakuja.

BintiMvita

Fundi, punguza kasi. Hebu msikize huyo anayesema Duke alikuwa akiendesha. Analalamikia nini hasa? Goyen alikuwa Mwaustralia, rubani mzoefu, amekufa, hana wa kumsemea. Akabebeshwa mzigo wote mbele ya Bunge. Wale waliopanda kilima kutoa miili waliona watu 14, hawakuona mkosaji mmoja. Mimi nauona uvumi ule kama rufaa. Huenda si kweli kwamba Duke alishika usukani, lakini ni kweli kwamba wapo walioona hukumu ya rubani imetolewa haraka. Hilo nalo ni jambo la kuandikwa, na kwenye faili hulipati.

Wakili Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Wanangu, hapa kwetu Afrika tuna funzo ambalo naona limesahaulika. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo. Wachoma mkaa waliokuwa msituni walisema waliona mambo yasiyo ya kawaida angani. Tume ya serikali ya Rhodesia iliwapuuza, ikaandika kosa la rubani. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo Umoja wa Mataifa ukalifungua upya suala hilo, na aliyekabidhiwa ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Mwaka 2017 akaandika kwamba inawezekana kabisa ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Hakusema imethibitika. Lakini maneno ya wachoma mkaa yalirudi mezani.

Kwa hiyo nikisikia "kosa la rubani" kwenye ripoti iliyoandikwa upesi, nami huuliza nani hakuhojiwa.

Fundi Chuma

Shikamoo mzee. Nakubali Ndola, ila si sawa na Caithness. Wachoma mkaa walisema walichokiona kwa macho yao. Kule Eagle's Rock nani aliona chumba cha rubani? Waliokuwa chini walisikia mlio tu. Aliyepona alikuwa mkiani, amekaa kwenye bunduki, mbali kabisa na usukani. Kuna aliyeona, kuna aliyesikia, na kuna aliyesimuliwa na shemeji yake. Msiwaweke kwenye kapu moja.

Nyota wa Glasgow

Jamani mnabishana kuhusu maneno, mimi naogopa miguu. Kila simulizi ikitoka na ramani, wiki ya pili yake kuna mtu na begi anachukua kipande cha ukumbusho. Sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege zote za kijeshi zilizoanguka Uingereza. Bila kibali cha Wizara ya Ulinzi hutakiwi hata kuchimbua. Na baadhi ya sehemu ni makaburi. Pale Ben More Assynt ndege ya mafunzo aina ya Anson ilianguka Aprili 1941, watu 6, na walizikwa palepale juu mlimani. Mwaka 2013 jiwe jipya la kaburi lilipandishwa kwa helikopta.

Msafiri wa Kaskazini

Nyota, hilo nalijua kwa miguu yangu. Nilikwenda Fairy Lochs karibu na Gairloch (ukitaka, yaite Maziwa ya Majini, wale mapepo). Liberator, ndege ya mabomu ya Wamarekani, iligonga pale tarehe 13 Juni 1945. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha mwezi mmoja kabla, na wale vijana walikuwa wanarudi kwao. Wote 15 walikufa. Ukifika unakuta mabati yamelala majini, na majina kwenye mwamba. Sikugusa kitu. Kusema kweli hata simu niliona aibu kuitoa.

Wenyeji husimulia kwamba kabla ya kufika pale iligusa kwanza kilele cha Slioch, ikatafuta pa kutua. Hiyo ni simulizi ya kupimika: panda Slioch, tazama. Ya usukani wa Duke haipimiki kamwe. Kwa hiyo Fundi, kwenye makapu nimekubali, yawe matatu.

Ila kurekodi siachi. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina idara ya masimulizi tangu 1951, wamerekodi Kigaeli na Kiskoti, visa vya mapepo na vya wavuvi, na hawakumfukuza mtu kwa kuwa kisa chake hakina faili. Jumamosi nakwenda kwa mzee mmoja wa Caithness. Nimuulize moja kwa moja kuhusu mtu wa 16?

BintiMvita

Usimuulize. Ukimtajia atakupa, tena na rangi ya koti. Mwache aanze mwenyewe.

Fundi Chuma

Na kabla ya yote muulize 1942 alikuwa na umri gani, na alikuwa amesimama wapi.