Gari linachemsha kwenye foleni tu: fundi anataka kufungua injini, naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Jumapili tulitoka na familia, jua kali, kiyoyozi kimewashwa. Barabarani gari lilikwenda vizuri kabisa. Tulipoingia kwenye foleni ndefu, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Nikazima injini, watoto na bibi yao wakahamia kwenye kivuli cha mti, matembezi yakaishia hapo. (Bibi hakulalamika, watoto sasa!)

Sikugusa kifuniko cha rejeta (kile kipozeo cha mbele ya injini) mpaka kilipopoa. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ilikuwa imepungua kidogo tu. Tulipoondoka na kushika mwendo, mshale ukarudi katikati wenyewe.

Fundi amesikiliza tu maelezo, akasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imeungua, tufungue injini. Mimi sijashawishika. Dalili zake sizioni: oili haijageuka rangi ya maziwa, hakuna moshi mweupe, rejeta haitoi mapovu. Na kwa nini lichemshe likisimama tu? Mimi nashuku feni ya rejeta, inayovuta upepo gari likiwa limesimama, au fyuzi na rilei (swichi ya umeme) yake, maana sikumbuki kuisikia ikizunguka siku ile.

Waliopitia hili, nianze kupima nini kabla ya kukubali injini ifunguliwe? Na thamostati (vali inayofungulia kulanti iende kwenye rejeta injini ikipata joto) inaweza kuleta dalili za namna hii?